Fundi na Nguli: Ubishi Uliojificha Ndani ya Neno "Bora"

Mashabiki wa futiboli ya Kimarekani wanapowalinganisha makwotabeki (waongoza mashambulizi) Tom Brady na Peyton Manning, ni nadra kugombania takwimu. Wote wanakubali kwamba Brady ana mataji 7 ya Super Bowl, fainali ya ligi yao, na Manning 2, na kwamba tuzo ya mchezaji mwenye thamani zaidi Manning aliipata mara 5, Brady 3. Kinachogombaniwa ni neno "bora". Mmoja akilitamka anakusudia ufundi: nani huisoma ngome ya wapinzani upesi na kuupeleka mpira panapostahili. Mwenzake anakusudia unguli, yaani mavuno ya maisha yote uwanjani. Maneno yote mawili tunayo, fundi na nguli, ila tukishasema "bora" tumeyatia kapu moja.

Wapo wanaoupinga utengano huu kwa hoja nzito: kazi ya kwotabeki ni kushinda, basi taji ndilo kipimo cha ufundi wenyewe. Ingekuwa hivyo, Manning wa msimu wa 2015 angempita Manning wa 2013. Msimu wa 2013 alirusha pasi 55 za tachidauni, yaani za kufunga, na kufikisha yadi 5,477, rekodi zote mbili za msimu mmoja, kisha timu yake, Denver, ikachapwa na Seattle kwenye fainali, 43 kwa 8. Msimu wa 2015 pasi zake za tachidauni zilikuwa 9, na pasi 17 zilinaswa na wapinzani, hata akawekwa benchi. Taji akalipata, kwa kuwa ngome ya Denver, ya akina Von Miller, haikupitika. Timu inapolinda, kwotabeki yuko nje ya uwanja. Taji hupima kikosi kizima.

Wapenzi wa takwimu nao wasishangilie mapema. Alama ya pasi, inayotumika kumpima kwotabeki tangu 1973, haihesabu mbio za kwotabeki wala mara alizoangushwa akiwa na mpira mkononi. Sheria nazo zimebadilika: tangu 1978 mabeki wamezuiwa kuwasukuma wapokeaji wakishapita yadi 5, kwa hiyo yadi za kabla na baada ya hapo hazilingani uzito.

Brady alitwaa taji la 7 akiwa na miaka 43, tena katika timu mpya, Tampa Bay. Kudumu kiasi hicho ni sifa kubwa, nami namwita nguli asiye na mpinzani. Kwa ufundi wa kuisoma ngome kabla mpira haujaanza kuchezwa, namtanguliza Manning.