Ushuhuda Ulingoni: Mieleka ya Kulipwa na Neno la Imani

Utangulizi

Mieleka ya kulipwa ya Marekani ni mojawapo ya maonyesho yaliyoenea mno katika burudani ya umati, nayo imefika mbali sana na mahali ilipozaliwa. Vijana wa nchi zetu waliwafahamu wanamieleka wake kwanza kwa mikanda ya video, kisha kwa televisheni, na wako katika sharika zetu ambao huwataja mabingwa hao kwa urahisi kuliko wanavyowataja Mitume. Hata hivyo, sisi watumishi tunapoulizwa habari za mchezo huu, jibu letu huwa fupi: ni uongo mtupu, kwa maana mshindi amekwisha kupangwa kabla ya pambano. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba lawama hiyo inapiga mahali pasipo na kosa, na kwa kufanya hivyo inaliacha kosa lenyewe lipite bila kuguswa.

Onyesho si uongo

Mwaka 1957 mwandishi Mfaransa Roland Barthes alitoa kitabu kiitwacho Mythologies, ambacho insha yake ya kwanza inahusu mieleka iliyoonyeshwa katika kumbi duni za Paris. Barthes alieleza kwamba mieleka si mashindano bali ni onyesho, na kwamba mtazamaji wake hajali kama pambano limepangwa au halikupangwa. Anachokitaka ni kuona mateso, hila na haki vikidhihirishwa katika miili ya watu, kama ilivyokuwa katika tamthilia za Wayunani wa kale. Kwa mtazamo huo, anayeishutumu mieleka kuwa ni uongo hana tofauti na mtu ambaye angemshtaki kwa mauaji kijana aliyecheza nafasi ya Herode katika igizo la Krismasi.

Wenye biashara hiyo nao walikwisha kukiri. Kwa miaka mingi wanamieleka wa Marekani walitunza siri ya kazi yao kwa ukali, hata maadui wa ulingoni hawakutakiwa kuonekana hadharani wakila pamoja. Lakini mwaka 1989 kampuni ya World Wrestling Federation, ambayo siku hizi huitwa WWE, ilieleza mbele ya Seneti ya jimbo la New Jersey kwamba mapambano yake ni burudani, ili iondolewe katika usimamizi na kodi ya michezo ya ushindani. Kukiri huko hakukuwafukuza watazamaji. Walikuwa wakijua, na waliendelea kuja.

Basi hatuna budi kulitafuta kosa mahali pengine. Kwa maoni yetu, kosa huanza pale ambapo onyesho linachukua kitu ambacho hakiwezi kuigizwa bila kuharibika, yaani neno la mtu anayekiri imani na udhaifu wake, na kulifanya kuwa chombo cha hadithi.

Sala kama kiungo cha ushindi

Tarehe 23 Januari 1984 Hulk Hogan alitwaa ubingwa katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, kwa kumshinda Iron Sheik. Huyu alikuwa Mwirani wa kuzaliwa, akicheza nafasi ya adui wa Marekani wakati ambapo kisa cha mateka wa Tehran, cha 1979 hadi 1981, kilikuwa bado kibichi mioyoni mwa Wamarekani. Mwaka huo huo kituo cha muziki cha MTV kilianza kuonyesha mieleka. Ilipofika 31 Machi 1985, ukumbi ule ule ulipokea onyesho la kwanza la WrestleMania, ambamo walishiriki mwanamuziki Cyndi Lauper, mwigizaji Mr. T na bondia Muhammad Ali. Tangu hapo mieleka, muziki, sinema na wanasesere wa watoto vikawa soko moja.

Katika soko hilo Hogan alikuwa na mahubiri yake. Aliwahimiza watoto wafanye mazoezi, wasali na wale vitamini. Yafaa tuitazame nafasi iliyopewa sala katika orodha hiyo. Imewekwa pamoja na mazoezi na lishe, kana kwamba ni kiungo kimojawapo cha mchuzi unaoitwa ushindi. Haikuelezwa anayeombwa ni nani, wala anaombwa nini. Ilitosha kwamba msalaji ana misuli na mkanda wa ubingwa.

Julai 1994, akiwa shahidi katika kesi ya mwenye kampuni, Vince McMahon, ambaye hatimaye mahakama ilimwachia, Hogan alikiri chini ya kiapo kwamba alikuwa ametumia dawa za kuongeza misuli kwa miaka mingi. Hapo ndipo tunapouona uongo wenyewe. Aliyedanganywa si yule aliyedhani ngumi ni za kweli. Aliyedanganywa ni mtoto aliyeambiwa kwamba mwili ule umejengwa kwa sala na vitamini.

Jioni ya Milwaukee

Mnamo Januari 1996 alirudi katika kampuni hiyo Jake Roberts, aliyejulikana kwa jina la Nyoka na kwa chatu aliyekuwa akimbeba mpaka ulingoni. Haikuwa siri kwamba maisha yake yalikuwa yamesumbuliwa na pombe na dawa za kulevya. Safari hii alikuja kama mhubiri. Alitaja Maandiko, alisimulia jinsi alivyookolewa, na chatu wake mpya akapewa jina litokanalo na kitabu cha Ufunuo.

Tarehe 23 Juni mwaka huo, mjini Milwaukee, Roberts alifika katika pambano la mwisho la mashindano yaitwayo King of the Ring, akashindwa upesi na Steve Austin, aliyekuwa wakati huo akicheza nafasi ya mtu mbaya. Baada ya pambano Austin alimdhihaki kwa Zaburi zake na kwa Yohana 3:16, kisha akatangaza kwamba ipo pia Austin 3:16, ambayo habari yake ni kipigo na si wokovu. Austin mwenyewe amesimulia kwamba maneno hayo yalimjia muda mfupi kabla, alipoambiwa kuwa Roberts ametoa mahojiano ya kidini. Wamarekani walikuwa wamezoea kuona mabango ya Yohana 3:16 katika viwanja vya michezo, kwa hiyo dhihaka ilieleweka mara moja. Umati ulifurahi. Katika miaka iliyofuata mabango ya Austin 3:16 yalijaa kumbini, na fulana zenye maandishi hayo zikawa miongoni mwa bidhaa zilizouzwa zaidi katika historia ya kampuni. Mtu mbaya akawa shujaa.

Wakristo wengi wakisikia kisa hiki huona ndani yake kufuru tu. Sisi tunadhani tafsiri hiyo haitoshi. Maandiko yamekwisha kudhihakiwa na watu wenye nguvu kuliko mwanamieleka, nayo yangalipo. Swali zito ni hili: kwa nini umati ulimpenda mwenye dhihaka mara moja hivyo? Jibu letu ni kwamba Austin alikuwa mrithi wa Hogan. Kwa miaka kumi na zaidi watazamaji walikuwa wamefundishwa kwamba sala ni njia ya kushinda. Mtu aliyefundishwa hivyo, akimwona msalaji amelala chini, hana neno la kumwambia isipokuwa kicheko. Katika hadithi ya namna hiyo hakuna nafasi ya mwamini dhaifu. Theolojia ya utukufu iliandaa ulingo, na mzaha ukaja kuvuna.

Mambo hayakuishia hapo. Katika onyesho la SummerSlam, tarehe 18 Agosti 1996, Roberts alishindwa na Jerry Lawler, ambaye kwa majuma kadhaa alikuwa akiufanyia mzaha ulevi wake. Baada ya pambano Lawler akammiminia pombe kali kinywani mbele ya umati. Kilikuwa kitendo cha kuigiza, lakini ugonjwa uliofanyiwa mchezo ulikuwa wa kweli, na mgonjwa ndiye aliyekuwa sakafuni. Hatupimi moyo wa Roberts katika siku zile. Hilo si letu. Tunachoweza kukipima ni kazi waliyompa: toba yake iliingizwa katika hadithi ili ipatikane njia mpya ya kumshinda.

Neno lisiloaminika tena

Anayedhani kwamba Roberts alikuwa kisa cha pekee na aitazame tarehe 30 Aprili 2006. Shawn Michaels, mwanamieleka aliyeongoka mwaka 2002 na ambaye hakuificha imani yake, alipangiwa pambano dhidi ya Vince McMahon na mwanawe Shane. Mwenzi wake ulingoni alitangazwa kuwa ni Mungu, naye aliwakilishwa kwa mwanga wa taa. Hadithi ikampa McMahon ushindi. Wengi waliliona jambo hilo kuwa upuuzi tu. Lakini tuone lilivyotendeka: imani ya mtu aliye hai iligeuzwa kuwa kifaa cha jukwaani, kama vile kiti au ngazi.

Gharama ya mazoea haya ilikuwa imekwisha kuonekana miaka saba kabla. Tarehe 23 Mei 1999, mjini Kansas City, Owen Hart alikuwa akiteremshwa kwa kamba kutoka darini ili aingie ulingoni kwa kishindo. Kifungo kikaachia. Alianguka kutoka kimo cha zaidi ya mita 20, akafariki dunia. Mtangazaji Jim Ross alilazimika kuwaeleza watazamaji wa televisheni kwamba jambo hilo si sehemu ya burudani, wala si hadithi. Onyesho likaendelea mpaka mwisho.

Tuitafakari kazi aliyokuwa nayo mtangazaji yule. Alikuwa na neno moja la kweli la kusema, tena zito kuliko yote aliyowahi kusema, na chombo alichokuwa nacho ni sauti ile ile iliyokuwa imetumika kila juma kuapa kwamba mambo ya kubuni ni ya kweli. Mahali ambapo kila kilio kimekwisha kuuzwa, kilio halisi kinatakiwa kwanza kijitetee. Jambo hilo laweza kuupata uwanja wowote ambamo watu hulipwa, au husifiwa, kwa sababu ya kulia vizuri.

Kuhusu Roberts, haifai tunyamazie yaliyofuata. Aliondoka katika kampuni mwaka 1997 na akarudi katika giza lake kwa miaka mingi. Mnamo 2012 mwanamieleka mwenzake wa zamani, Diamond Dallas Page, alimpokea nyumbani kwake katika jimbo la Georgia na kumsaidia aache ulevi. Safari hiyo ilionyeshwa katika filamu iliyotoka mwaka 2015, na watengenezaji wake hawakusita kuipa jina la ufufuo. Kamera, basi, ilikuwapo hata humo. Lakini ziko tofauti mbili. Filamu haikuficha siku alipoanguka tena, na aliyekuwa karibu naye hakuhitaji aanguke.

Yanayotuhusu

Katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, anapoieleza amri ya pili, Luther hafundishi kwamba jina la Mungu hutajwa bure na wenye matusi peke yao. Anasema kwamba jina hilo hutumiwa vibaya hasa linapofanywa pambo la kufunika uongo, na kwamba ubaya huo huwa mkubwa zaidi katika mambo ya kiroho, pale wahubiri wanapolitumia kwa mafundisho ya uongo. Kwa kipimo hicho, kampuni ya mieleka si mkosaji wa kwanza. Iliokota lugha ambayo wengine walikuwa wamekwisha kuilegeza.

Ndiyo maana uhakiki huu hauwezi kukoma Milwaukee. Katika mikutano yetu ya injili nasi tunalo jukwaa, tunacho kipaza sauti, na mara nyingi tunaye mtu aliyekuwa mlevi, mwizi au mganga wa kienyeji, ambaye amekiri juzi na leo anaitwa asimulie. Umati humpenda. Ratiba humtegemea. Akisimulia vema huitwa katika mtaa mwingine, na masimulizi yake hukua kidogo kila safari, si kwa hila yake bali kwa sababu sisi tunasubiri yakue. Akianguka, jina lake halitajwi tena, na nafasi yake hupewa mwingine. Hapo tumefanya nini ambacho waandaaji wa ulingo hawakukifanya?

Hatusemi ushuhuda ukomeshwe. Kanisa katika nchi zetu limejengwa na watu waliosimama na kusema Bwana amewatendea nini, na uamsho wa Afrika Mashariki haueleweki bila wao. Tunasema kwamba mchungaji anayemkaribisha mtu jukwaani anakuwa mdhamini wake. Yampasa ajiulize kabla ya mkutano ni nani atakayekwenda nyumbani kwa mtu huyo mwezi wa tatu baada ya mkutano, na kama neno lake litapokelewa pia siku atakapokuja kusema kwamba ameshindwa. Ikiwa hayupo wa kwenda, na neno hilo halina pa kupokelewa, basi ni heri kipaza sauti kikae mezani na mtu yule akae kwanza katika darasa la mafundisho, katikati ya washarika wenzake, mpaka ajulikane kwa jina lake na si kwa kisa chake.