Waliosimama Mstarini

Oktoba 4, 2015, mbele ya watazamaji 82,758 jijini Sydney, Brisbane Broncos walifungwa 17-16 na North Queensland Cowboys. Ilikuwa fainali ya ligi ya Australia, raga ile ya wachezaji 13. Alama moja tu. Mimi ni shabiki wa Broncos, na kidonda hakijapona. Hata hivyo, kila ninapoirudia video ya mechi ile, narudi kuitazama kazi iliyofanyika, na kazi yenyewe ni kukaba.

Wengi wetu tumeijua raga kwa kuitazama timu ya Kenya ya wachezaji saba. Kule, mtu akiangushwa mpira hugombaniwa palepale chini. Huku haugombaniwi. Aliyeangushwa anasimama, anausukuma mpira nyuma kwa wayo, na wenzake wanaanza upya. Wana nafasi 6 za kushambulia hivyo. Walinzi, isipokuwa wasiozidi wawili wanaobaki mbele yake, wanapaswa kurudi nyuma mita 10 kabla ya kuruhusiwa kusogea mbele tena. Hebu fikiria: umemwangusha mtu wa kilo 110 anayekujia mbio, umejiinua, umekimbia kinyumenyume, na hujavuta pumzi mbili mwingine keshakufikia. Zoezi hilo ni la dakika 80.

Asiyejua huona ni mabavu tu, nami nilikuwa hivyohivyo. Mzee mmoja niliyezoea kuketi naye Lang Park, uwanja wa nyumbani wa Broncos, ndiye aliyenifumbua macho. Aliniambia niache kuufuata mpira, niwaangalie wasio nao. Nikaanza kuona. Mkabaji hodari hupunguza hatua anapokaribia, hukanyaga karibu na miguu ya mshambuliaji, hutanguliza bega, na kichwa chake hukiweka pembeni mwa nyonga ya mpinzani kisivunjwe na goti. Wa pili hufuata mpira, aubane usipate kutolewa. Wa tatu hufunga miguu. Na hawana haraka ya kumfikisha chini, maana kila sekunde wanayoiiba pale inawapa wenzao nafasi ya kujipanga.

Kujipanga ndiko kwenye ufundi mkubwa. Mstari wa ulinzi husogea kama wavuvi wanaovuta juya: mmoja akiharakisha au akizembea, samaki wamepita. Kwa hiyo wanasemezana muda wote, kushoto kwenda kulia, hata wakati kifua hakina pumzi ya kuzungumzia. Ukibahatika kukaa karibu na uwanja, sauti hizo utazikumbuka kuliko makofi.

Siku ile tulikwenda mapumziko tukiongoza 14-12. Kipindi cha pili tuliongeza alama 2 za penalti, basi. Yaliyobaki yalikuwa kulinda. Andrew McCullough wetu alisimama katikati, mahali majitu yanapoelekezwa. Kwake kukaba mara 40 katika mechi moja hakukuwa habari. Corey Parker alikuwa na miaka 33 na bado alikuwa wa kwanza kuinuka. Justin Hodges, nahodha, alikuwa anaicheza mechi yake ya mwisho na klabu. Cowboys walikuja, wakarudishwa, wakaja tena. Kipindi kizima cha pili hawakupata hata alama moja, mpaka king'ora.

Sekunde za mwisho, Johnathan Thurston wa Cowboys akawachenga waliomwendea, akampa Michael Morgan upande wa kulia. Morgan akawavuta walinzi wetu wote waliokuwa karibu, kisha akauchopoa mpira kwa mkono mmoja kumpa Kyle Feldt, aliyefunga pembeni kabisa. 16-16. Siwezi kusema walinzi wetu walilala. Walikuwa mahali pao, wakakutana na pasi ambayo hakuna mkono ungeifikia, nami nawapa Cowboys heshima yao yote. Teke la Thurston la kuongeza alama 2 likagonga mlingoti. Tukaingia muda wa nyongeza, ambamo wakati ule aliyetangulia kupata alama ndiye aliyeshinda.

Mpira wa kuanzia ukamwendea Ben Hunt, namba saba wetu. Ukamponyoka.

Tangu siku hiyo nimesikia watu wakiisimulia fainali nzima kwa mikono ile miwili. Inaniudhi kwa dhati. Kwa dakika 80 Hunt alikuwa mstarini pamoja na wengine, akikaba wanaume wanaomzidi uzito, na ulinzi ule uliotufikisha mlangoni mwa kombe ni wake pia. Picha huchukuliwa mpira unapodondoka. Mtu anapojiinua mara ya thelathini, hakuna kamera inayomfuata.

Kwa hiyo nikifika pale mpira ulipodondoka, siizimi video. Naiacha iendelee, maana nyuma yake ipo kazi wanayoisahau wengi. Cowboys wana mpira karibu na lango letu, kila mtu uwanjani anajua Thurston anatafuta teke la kudondosha la alama moja, na watu wetu wamekwisha nguvu. Bado wanakaba. Wanarudi nyuma, wanapanda tena. Mpira unamfikia Thurston, na hapo ndipo huisimamisha, kabla mguu haujaugusa. Nawatafuta mmoja mmoja: huyu anajizoa kutoka chini, yule ndiyo kwanza anageuka, na wa tatu keshaanza kumkimbilia.