Kipando na Hadithi: Uhakiki wa Istilahi za Bustani za Burudani

Mfasiri anapokutana na kitu ambacho jamii yake haina, huwa na njia tatu mbele yake: kukopa jina la kigeni, kulitafsiri jina hilo neno kwa neno, au kukichunguza kitu chenyewe na kukipa jina linaloeleza kazi yake. Njia ya tatu ndiyo ndefu kuliko zote, na ndiyo inayokwepwa mara nyingi. Makala haya yanakusudia kuonyesha hasara ya kuikwepa, kwa kutumia mfano ambao huenda ukaonekana mwepesi, yaani vyombo vya burudani vilivyojengwa Marekani, Japani na Ufaransa kutokana na filamu za uhuishaji. Msomaji asiharakishe kusema kwamba hayo ni mambo ya watoto. Maneno ya fani hii humfikia mwalimu katika vitabu vya kiada, mfasiri katika habari za utalii, na mtumishi wa serikali katika maandishi ya uwekezaji. Wote hao wanahitaji maneno yasiyowapotosha.

Jina la mahali

Tafsiri ambayo mwandishi wa makala haya ameikuta zaidi ya mara moja ni "hifadhi ya mandhari", na mara nyingine "mbuga ya mandhari". Kila neno katika tafsiri hizo lina kosa lake. Kwa msomaji wa Kiswahili, hifadhi na mbuga ni mahali pa wanyamapori, kama vile Serengeti au Tsavo. Mandhari nayo ni sura ya nchi ionekanayo kwa macho, na katika uhakiki wa fasihi ni mahali na wakati ambapo tukio linatendeka. Mwanafunzi atakayesoma maneno hayo mawili pamoja ataona akilini mwake twiga wamesimama mbele ya mlima, wala hatakuwa na kosa lolote.

Waliobuni jina la Kiingereza walikuwa na jambo jingine nyoyoni. Walikusudia kiwanja ambamo wazo moja linaunganisha kila kilichomo: majengo, mavazi ya wahudumu, muziki, hata chakula. Wanafasihi wetu wanalo neno la wazo la namna hiyo, nalo ni maudhui. Ama kuhusu mahali, Kiswahili kimekwisha kulipanua neno bustani hata tukapata "bustani ya wanyama", ambako hakuna anayekwenda kutazama mboga wala maua. Kwa hiyo "bustani ya maudhui" ni jina lenye msingi katika lugha yetu, na halimpeleki msomaji porini.

Faida yake yaonekana vizuri nchini Japani. Tarehe 1 Novemba 2022 ilifunguliwa huko Aichi bustani iliyojengwa kutokana na filamu za uhuishaji za Studio Ghibli. Bustani hiyo haina vyombo vikubwa vya kupanda. Watu hutembea kwa miguu, wakiingia katika nyumba na vyumba walivyoviona katika filamu. Mfasiri aliyezoea kusema "uwanja wa mabembea" hana la kusema hapo, lakini maudhui yamo tele.

Jina la chombo

Tatizo kubwa zaidi ni jina la kile ambacho watu hufuata ndani ya bustani hizo. Wafasiri wengi hutumia "kivutio". Neno hilo ni sahihi katika biashara ya utalii, lakini kama istilahi lina upungufu mkubwa: latuambia kwamba kitu chavuta watu, halituambii kitu chafanya nini. Ni neno la muuzaji. Maporomoko ya maji ni kivutio, msikiti wa kale ni kivutio, na ngoma ya jioni hotelini ni kivutio. Istilahi njema haikisifu kitu, bali hukitenga na vingine.

Wengine husema "bembea". Hao wamekaribia zaidi, maana wametaja chombo, ila wametaja kimoja tu. Disneyland ilipofunguliwa huko Anaheim, California, tarehe 17 Julai 1955, ilikuwa na vyombo vya namna mbili vilivyotokana na filamu za uhuishaji. Namna ya kwanza ni vile vya kuzunguka, kama vikombe vya chai vya filamu ya Alice in Wonderland ya mwaka 1951. Mwezi uliofuata waliongezewa tembo arukaye wa Dumbo, filamu ya mwaka 1941. Hivyo twaweza kuviita bembea za kuzunguka bila kuidhulumu lugha.

Namna ya pili ni tofauti kabisa. Mtu huketi katika kigari kidogo, mlango unafunguka, naye anaingia gizani na kupitishwa mbele ya matukio yaliyopangwa kwa taratibu. Kigari chenyewe hakikuwa kipya. Mwaka 1901, katika maonyesho makubwa ya Buffalo, watu walilipa kiingilio ili wapande chombo kilichojifanya kuwapeleka mwezini. Na mwishoni mwa miaka ya 1920 vigari vya reli moja vilikuwa vikiwatisha watu gizani katika viwanja vya burudani vya Marekani. Kilichoongezwa mwaka 1955 ni hadithi yenye mwanzo na mwisho, iliyochukuliwa kutoka filamu ambayo abiria alikuwa ameiona tayari. Vigari vitatu vya siku ile ya kwanza vilitokana na Snow White and the Seven Dwarfs ya mwaka 1937, The Adventures of Ichabod and Mr. Toad ya mwaka 1949, na Peter Pan ya mwaka 1953. Ndani mlikuwa na mbao na sanamu zilizopakwa rangi zing'aazo chini ya taa za urujuanimno.

Chombo cha namna hii tukiite nini? Yuko atakayesema "safari". Lakini kuna vyombo ambavyo havisafiri: katika chombo cha Despicable Me kilichofunguliwa Florida mwaka 2012, viti hutikisika mbele ya kiwambo bila kutoka chumbani. Kiswahili kina neno linalofaa zaidi, nalo ni kipando, yaani kitu au mnyama apandwaye na mtu, kama punda au baiskeli. Kupanda hakulazimishi kusafiri. Mtu hupanda jukwaani na kitandani wala haendi mbali. Tukiongeza neno la pili tunapata "kipando cha hadithi". Yafaa sasa tuipime istilahi hiyo kwa historia ya vyombo vyenyewe, kwani istilahi isiyopimwa ni dhana tu.

Kipimo cha kwanza: nafsi

Katika kipando cha Snow White cha mwaka 1955, Snow White mwenyewe hakuonekana. Waliokijenga walikusudia kwamba abiria ndiye Snow White: mchawi alimtokea abiria, na miti ya msituni ilimnyoshea mikono abiria. Hali kadhalika Peter Pan hakuwamo katika kipando chake, na aliyeshika usukani wa gari la Mr. Toad alikuwa kila aliyelipa nauli. Kwa lugha ya sarufi, hadithi zilisimuliwa kwa nafsi ya kwanza.

Watu wengi hawakulielewa jambo hilo. Walitoka nje wakiuliza mhusika waliyemfuata yuko wapi. Sehemu hiyo ya bustani ilipojengwa upya mwaka 1983, sanamu za Snow White na Peter Pan zikatiwa ndani. Tangu siku hiyo abiria akawa mtazamaji, na usimulizi ukahamia nafsi ya tatu. Badiliko hilo si dogo. Kazi ya sanaa iliyomfanya mtu kuwa mtendaji iligeuzwa kuwa kazi inayomwonyesha mtendaji mwingine, na kwa maoni yetu kitu fulani kilipotea, ingawa wateja walipata walichokitaka.

Kipando cha Mr. Toad chatufundisha zaidi. Mwishoni abiria hugongana na garimoshi, kisha hujikuta jehanamu. Katika filamu hamna jehanamu. Kipando, basi, hakirudii filamu kama mwangwi. Ni tafsiri yenye uhuru wake, na yastahili kuhakikiwa kama tunavyohakiki tafsiri. Mwenye kusema "kivutio" au "bembea" hawezi hata kuanza mjadala huu, maana maneno yake hayana nafasi ya hadithi.

Kipimo cha pili: kubadilishwa kwa hadithi

Je, kipando na hadithi vyaweza kutengana? Historia yajibu kwamba vyaweza. Huko Florida, kipando cha Mr. Toad kilifungwa Septemba 1998, ijapokuwa wapenzi wake walikuja kupinga. Mwaka 1999, katika jengo lilelile, kikafunguliwa kipando cha Winnie the Pooh. Ndani yake imetundikwa picha inayomwonyesha Mr. Toad akimkabidhi Bundi hati ya nyumba, kama mpangaji anayehama kwa adabu. Huko huko Florida, njia ya maji iliyokuwa ikiwapitisha watu katika masimulizi ya Norwe ilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2016 njia ileile ikaanza kusimulia Frozen, filamu ya mwaka 2013 yenye ufalme wa kubuni. Banda lililojengwa kuonyesha taifa lililopo likapewa taifa lisilopo.

Lakini mfano uliotugusa zaidi ni wa Splash Mountain. Kipando hicho cha majini, chenye mteremko wa mita 16 hivi, kilifunguliwa California mwaka 1989. Hadithi yake ilitoka katika sehemu za uhuishaji za Song of the South, filamu ya mwaka 1946. Filamu nayo ilitoka katika masimulizi ya Uncle Remus ambayo Joel Chandler Harris alianza kuyachapisha kitabuni mwaka 1880, na Harris aliyapata kwa Wamarekani Weusi waliokuwa watumwa. Shujaa wake ni Brer Rabbit, mnyama mdogo awashindaye wakubwa kwa akili. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kujulishwa kwake. Asili yake yajulikana kuwa ni Afrika, na wenzake wa huku ni sungura wa ngano zetu. Hata mtego wa sanamu yenye kunata, ambao Brer Rabbit alinaswa nao, una ndugu zake katika ngano za sehemu nyingi za Afrika. Mfasiri akumbuke pia kwamba neno la kwanza katika jina lake ni ufupisho wa neno la Kiingereza la kaka. "Ndugu Sungura" ni tafsiri iliyo karibu na asili.

Filamu ililaumiwa tangu ilipotoka, kwa kuyapamba maisha ya watu Weusi mashambani baada ya utumwa, na Marekani haijatolewa kamwe kwa ajili ya kutazamwa nyumbani. Waliojenga kipando walifikiri wamekwepa lawama kwa kumwondoa msimulizi, yule mzee Mweusi, na kuwaacha wanyama peke yao. Hapa ndipo uhakiki unapopaswa kusema bila kuficha. Kilichobaki ni ngano ya Kiafrika isiyo na msimulizi, ikitamkwa na mashine kwa watu ambao wengi wao hawakujua ilikotoka. Hadithi ilikuwa imevushwa bahari pamoja na watu waliofungwa minyororo. Ilipofika kwenye kipando, watu hao hawakuwamo hata kwa jina.

Splash Mountain ilifungwa Florida na California mwaka 2023. Mwaka 2024, juu ya njia ileile ya maji na mteremko uleule, kilifunguliwa kipando cha Tiana, binti Mweusi wa New Orleans katika The Princess and the Frog, filamu ya mwaka 2009. Wako waliofurahi na wako waliosikitika. Kwetu sisi, sababu ya kumleta Tiana ni njema. Lakini sungura aliondoka kimya kama alivyoingia, asili yake ikiwa haijaelezwa.

Mifano hii yote yathibitisha kwamba istilahi yapaswa kuwa na viungo viwili. Kipando chaweza kubaki na hadithi ikabadilika. Anayetumia neno moja kwa vyote viwili hawezi kueleza kilichofungwa ni nini na kilichobaki ni nini.

Maneno yetu ugenini

Haitoshi kuangalia maneno yanayoingia kwetu. Yako pia yaliyotoka. Bustani ya Animal Kingdom, iliyofunguliwa Florida mwaka 1998, ina onyesho la jukwaani lililotokana na The Lion King ya mwaka 1994, filamu iliyowapa wahusika majina ya Simba na Rafiki. Jirani yake kumejengwa kijiji cha kubuni cha Afrika Mashariki kiitwacho Harambe. Ni harambee iliyopungukiwa herufi moja. Herufi moja ni jambo dogo, lakini yatukumbusha kwamba neno likichukuliwa bila kuchunguzwa hufika limekatwa kiungo. Tusiwafanyie wengine vivyo hivyo tunapotafsiri mambo yao.

Hitimisho

Tunapendekeza basi kwamba "filamu ya uhuishaji" itumike kwa filamu, na "katuni" ibaki kwa michoro ya magazetini. Kwamba "bustani ya maudhui" ichukue nafasi ya "hifadhi ya mandhari". Kwamba "bembea ya kuzunguka" na "kipando cha hadithi" zitenganishwe. Na kwamba "kivutio" kiachiwe wenye kutangaza biashara. Huenda wako watakaoliona neno kipando kuwa la zamani mno. Jibu letu ni kwamba neno la zamani lililokaa bila kazi ni akiba. Mwenye neno bora zaidi na alilete, tulipime kwa mifano ileile: Snow White asiyeonekana, mpangaji aliyehama, na sungura aliyeondoka bila kutajiwa kwao.