Bango la Sinema na Mkono wa Fundi

Bango la kale la sinema likifika mezani kwa fundi, kazi huanza na maji. Asiyezoea hushtuka. Karatasi iliyokauka kiasi kwamba ukiishika pembe inakubakia mkononi, inawezaje kuloweshwa? Lakini fundi keshagusa kila rangi kwa pamba yenye unyevu na kuhakikisha hakuna inayotoka. Karatasi ile ilitengenezwa kwa rojo la mbao, na asidi imeila kwa miaka mingi. Inapooshwa, maji hugeuka kahawia. Kahawia ile ndiyo iliyokuwa ikiliua bango.

Kisha huwambwa turubai la pamba kwenye fremu, likavutwa hadi likakaza. Juu yake hubandikwa karatasi nyembamba ya Kijapani, iliyotokana na gome la mforosadi, na juu ya hiyo ndipo bango hulazwa, yote kwa gundi ya unga wa ngano. Fundi hupitisha brashi kutoka katikati kwenda pembeni, polepole, akifukuza hewa. Linapokauka, turubai hulinyoosha lenyewe. Palipotoboka kwenye mikunjo huzibwa kwa vipande vya karatasi ya enzi hiyohiyo, na rangi hurudishwa kwa penseli na rangi za maji, mahali pasipozidi upana wa ukucha. Ninachokiheshimu zaidi ya yote ni kwamba gundi ile huachia kwa maji. Fundi wa miaka hamsini ijayo akiona kosa, ataifumua kazi na kuanza upya bila kuijeruhi karatasi.

Mabango haya hayakuchapwa yatunzwe. Bango la kawaida la Marekani, lenye sentimita 69 kwa 104, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 lilikuwa likitumwa kwenye majumba ya sinema likiwa limekunjwa. Kwa miongo kadhaa kampuni ya National Screen Service iliyakodisha, yakarudishwa, yakapelekwa mji mwingine na matundu yake ya pini. Mengi yaliishia jalalani. Ndiyo maana bango la Metropolis, filamu ya Ujerumani ya mwaka 1927, lililochorwa na Heinz Schulz-Neudamm na kubaki nakala chache mno, liliuzwa kwa dola 690,000 mwaka 2005.

Fedha za namna hiyo zimeleta desturi mpya: karatasi ya sinema hupelekwa kwa kampuni, ikapewa alama, ikafungiwa ndani ya plastiki ngumu. Desturi hii imetoka kwenye vitabu vya katuni, ambavyo kampuni ya CGC ilianza kuvipima mwaka 2000 kwa alama zinazofika 10. Sasa hata kadi za picha zilizokuwa zikibandikwa kwenye kumbi za sinema zinafungiwa hivyo. Hoja ya wanaoipenda si ndogo. Mnunuzi aliye mbali anahitaji neno la mtu asiye muuzaji, na mwaka 2009 wakusanyaji waligundua kwamba mabango na kadi kadhaa za filamu za kutisha za studio ya Universal zilikuwa za kughushi.

Lakini karatasi ya kughushi hukamatwaje? Kwa kugeuzwa nyuma, kumulikwa kwa taa ya ubavuni, kupapaswa kwa kidole. Ikishafungiwa, mkaguzi wa kwanza akiwa amekosea, wa pili hana pa kuanzia. Tena Maktaba ya Bunge ya Marekani ilikwisha kuonyesha kwamba karatasi yenye asidi ikifungiwa ndani ya plastiki kabla asidi haijaondolewa, huharibika haraka zaidi. Alama iliyoandikwa juu itabaki ileile huku karatasi ikiendelea kuzeeka chini yake.

Kinachoniuma hasa ni jinsi kipimo hicho kinavyomtazama fundi. Katika katuni, kitabu kilichofanyiwa ukarabati kimezoeleka kupewa lebo ya zambarau, na bei yake hushuka. Mkono uliokiokoa umehesabiwa kuwa doa. Katika mabango mambo ni kinyume: mengi ya yale tunayoyastaajabia mnadani leo yapo kwa sababu kuna mtu aliyeyaosha, akayabandika kwenye turubai, akayaziba. Tukiingiza hukumu ya katuni humu, mwenye bango lililochanika ataogopa kulipeleka kwa fundi, naye ataliacha life na alama yake nzuri.

Kwa hiyo, ukiwa na karatasi ya namna hii, usiifungie. Dai maelezo ya maandishi na picha za kabla ya kazi, wakati wa kazi na baada ya kazi, kisha vitunze pamoja na bango. Kama asidi imekwisha kuondolewa, liweke katika mfuko wa poliesta ulio wazi upande mmoja, mbali na jua. Na utakapoliuza, taja jina la fundi kwanza.