Ngoma Isiyo na Wachezaji: Muziki katika Filamu ya Akira

Filamu ya katuni ya Akira, aliyoiongoza Katsuhiro Otomo na iliyoanza kuonyeshwa huko Japani mwezi wa Julai 1988, imejadiliwa sana kwa ajili ya picha zake: mji wa Neo-Tokyo wa mwaka 2019, uliojengwa baada ya vita vya tatu vya dunia, magenge ya vijana wa pikipiki, na mvulana Tetsuo, ambaye nguvu za akilini mwake zinamshinda hata mwili wake ukafumuka. Muziki wake hutajwa kwa sentensi moja ya sifa, kisha mhakiki akaendelea na mengine. Hiyo ni kasoro, kwani ipo hoja nzito ya filamu hii ambayo haimo katika maneno ya wahusika wala katika michoro. Imo masikioni.

Muziki huo ni kazi ya Geinoh Yamashirogumi, kikundi kilichoanzishwa mwaka 1974 na Tsutomu Ohashi, mwanasayansi ambaye katika sanaa hutumia jina la Shoji Yamashiro. Wanakikundi si wanamuziki wa kulipwa. Wamo wanafunzi, madaktari, wahandisi na waandishi wa habari. Kabla ya Akira walikuwa wamekwisha kujifunza na kuimba nyimbo za vijijini za Bulgaria na kecak ya kisiwa cha Bali, na ni kanda yao ya mwaka 1986, Ecophony Rinne, iliyomvutia Otomo. Neno geinoh katika Kijapani hujumuisha uimbaji, uchezaji na uigizaji kwa pamoja. Msomaji wa Kiswahili hapati taabu kulielewa, maana ngoma nayo ni chombo, ni mchezo, na ni mkusanyiko wa watu wenyewe. Neno muziki, ambalo makala yoyote ya namna hii hulazimika kulitumia, ni finyu mno kwa kazi hii.

Lipo jambo moja la ufundi ambalo wanaisimu watalitambua mara moja. Vinanda vya umeme vya miaka ya 1980 vilitengenezwa kwa kufuata mpangilio wa sauti wa Ulaya, na gamelani ya Indonesia haimo katika mpangilio huo. Njia rahisi ingekuwa kuikata gamelani ilingane na mashine. Wanakikundi walijifunza kupanga programu za vinanda hivyo wenyewe, mashine ndiyo ikabadilishwa ilingane na gamelani. Lugha za Kibantu, ambazo sarufi zake za mwanzo zilipimwa kwa vipimo vya Kilatini, hazikupata bahati hiyo mapema.

Ubora wa kazi hii unadhihirika zaidi pale genge la Kaneda linapofukuzana na maadui wake barabarani usiku. Mtazamaji aliyezoea filamu za Marekani hutarajia gitaa la umeme na tarumbeta. Anachosikia ni mianzi: jegog ya magharibi ya Bali, ala ya mabomba makubwa ya mianzi ambayo hupigwa kwa virungu na kutoa ngurumo inayosikika kifuani kabla ya sikioni. Juu ya mianzi hiyo zinakuja pumzi za watu na mwito wa “rassera”, unaopigwa na wachezaji wa sherehe ya Nebuta mjini Aomori kila mwezi wa Agosti wanapozunguka na sanamu kubwa za taa. Mwito huo una mwitaji na waitikiaji. Hauwezi kupigwa na mtu mmoja. Unadai mtaa, wazee, watoto, na mzigo unaobebwa kwa pamoja. Katika Neo-Tokyo hakuna hata kimoja cha hivyo. Kaneda na Tetsuo ni mayatima waliokutana katika makao ya watoto. Shule yao ni ya viboko na matusi, serikali yao ni ya majadiliano yasiyokwisha, na sanamu zao za taa ni pikipiki. Hivyo mwito wa sherehe unawatukuza vijana hawa na papo hapo unawasuta, kwa kuwa unawaitia watu ambao hawapo wa kuitikia. Mazungumzo hayasemi hivyo mahali popote. Yangesema, yangeharibu.

Katika chumba cha hospitali, wanasesere wanapokua na kumsogelea Tetsuo, ala karibu zote hunyamaza, zikabaki sauti za binadamu zikirushiana silabi. Silabi hizo hazijengi sentensi, wala msikilizaji hahitaji tafsiri. Hofu inatokana na hilo hasa: sauti za watoto zina umbo la mchezo, lakini utani umeondolewa ndani yake. Nacho kimya kimetumiwa kwa ustadi mkubwa. Mlipuko wa mwanzo unaoumeza mji wa Tokyo hauna kishindo cha kulingana nao; kishindo cha ngoma kinakuja baadaye, jina la filamu linapotokea, kama habari ya msiba inayofika ikiwa imechelewa.

Hata hivyo kazi hii haikosi lawama. Jegog ina wenyewe katika wilaya ya Jembrana, ambako vikundi vya vijiji hushindana ana kwa ana, na filamu haina dalili yoyote ya watu hao. Kukopa kwa heshima ni kukopa bado. Kasoro ya pili ni ya kisanaa. Sehemu ya mwisho, iitwayo Requiem, inachanganya kinanda kikubwa cha kanisani na kwaya, na kwa kitambo ule ukali wa mianzi unalainika ukawa fahari ya kawaida, ile ambayo mtunzi yeyote wa Ulaya angeweza kuitoa. Lakini hata hapo uamuzi wa kumalizia kwa wimbo wa maziko ni sahihi. Mji umeangamia mara ya pili, Tetsuo ametoweka katika nuru pamoja na Akira, na hakuna ndugu hata mmoja wa kumlilia isipokuwa Kaneda, ambaye muda mfupi uliopita alikuwa akipigana naye. Kwaya ndiyo inayokaa matanga.