Sifa za Ukanda Mtupu

Pindua bodi ya chaja nzuri uitazame upande wa chini, penye mwanga. Njia za shaba zimesongamana huku na huku, lakini katikati pana ukanda mtupu: hauna shaba wala risasi ya kulehemu, na mara nyingine bodi yenyewe imekatwa mfereji mwembamba hata unaona upande wa pili. Ng'ambo moja ya ukanda huo ipo stima ya ukutani, volti 240, ambayo ikishanyooshwa hufikia karibu volti 340. Ng'ambo ya pili zipo volti 5 za simu, simu itakayoshikwa na mtoto wa Tarasaa aliyesimama pekupeku kwenye sakafu iliyotoka kudekiwa. Vinavyoruhusiwa kuuvuka ukanda ule ni vichache: trafo iliyoviringwa utepe wa manjano, kidude cheusi kinachopeleka habari kwa mwanga badala ya waya, na pengine kapasita ya buluu iliyoundwa hivi kwamba ikifa, ife imekata, isife imeunganisha.

Aliyeuchora ukanda huo ndiye ninayemsifu. Kila milimita ya bodi ina bei yake, na mwenye kiwanda anataka chaja ndogo zaidi ya ile ya mwaka jana. Mchoraji akashikilia kwamba pale hapawekwi kitu. Mnunuzi hatajua kamwe, maana chaja iliyoachiwa nafasi na ile isiyoachiwa hujaza simu sawasawa.

Hewa kavu huizuia stima kuliko watu wanavyodhani. Kati ya vibati viwili laini vilivyotazamana, huhitaji takribani volti 3,000 ili kuruka milimita moja. Mwaka 1889 Mjerumani Friedrich Paschen alionyesha kwamba jambo hilo hutegemea upana wa nafasi pamoja na mgandamizo wa hewa, na hewa nyepesi ya milimani hushindwa mapema. Ndiyo maana viwango hudai nafasi iongezwe kwa vifaa vya kutumika juu ya mita 2,000, na Eldoret umeshaupita mpaka huo. Sisi wa Tarasaa, kwenye delta ya Tana, tuko chini, karibu usawa wa bahari, na hewa yetu nzito inatutetea. Kwa hesabu hiyo peke yake, volti 340 haziwezi kuruka hata nusu milimita. Kwa nini basi mtu aache tano, au nane?

Kwanza kuna radi, ambayo huingiza kwenye waya za nyumba volti maelfu kwa kufumba na kufumbua. Lakini kubwa zaidi ni kwamba stima hailazimiki kuruka. Hutambaa. Mchoraji anayejua kazi hupima mara mbili: umbali wa hewani, moja kwa moja, na umbali wa kufuata uso wa bodi kama apitavyo sisimizi. Mfereji ule uliokatwa umewekwa kwa ajili ya kipimo cha pili, ili njia iwe ya kuzunguka.

Na usoni mwa bodi ndiko Tarasaa inakotugharimu. Kiangazi huleta vumbi la udongo wa mfinyanzi, jikoni kuna moshi wa kuni, mjusi naye hana adabu. Vumbi likiwa kavu halina neno. Likinywa unyevu wa usiku wa masika huanza kupitisha stima kidogo, ile stima hulikausha mahali pamoja, pale palipokauka hupasuka cheche ndogo isiyoonekana, na cheche huunguza bodi. Kinachobaki ni mstari wa kaa, na kaa hupitisha stima. Kesho mstari utakuwa mrefu zaidi, mvua inyeshe isinyeshe.

Kiwango cha kimataifa cha IEC 60664-1 kinalijua hilo, ndiyo maana kimeyagawa mazingira katika madaraja manne ya uchafu. Kwa volti 250 na bodi ya kawaida, kinga maradufu katika daraja la pili hudai milimita 5 za kutambaa. Katika daraja la tatu, lile la vumbi linalopata unyevu, ni milimita 8. Vifaa vingi vya nyumbani huundwa kwa daraja la pili. Duka la mabati lenye mlango wazi mchana kutwa, mimi ningeliweka la tatu bila kubishana na mtu. Na chaja za bei ya kutupa zipo ambazo hazifiki hata milimita moja.

Mafundi waliokulia kwenye televisheni za kichogo hawahitaji kusomewa haya. Mle ndani trafo iitwayo flaibeki ilizalisha volti kama 25,000, zikipelekwa kwenye kioo kwa waya nene yenye kikombe cha mpira. Masika yakiingia, kikombe kilianza kuchachatika na chumba kunuka ile harufu kali ya hewa iliyochomwa. Fundi wa kweli alitoa kwanza mabaki ya stima kwenye kioo kwa bisibisi iliyofungwa waya wa kutulizia, akafuta kioo na mpira kwa spiriti hadi vikauke, ndipo akarudisha. Bodi iliyoungua ndiyo iliyomtenga na mbabaishaji. Mbabaishaji alipaka gundi juu ya kaa. Yeye alilikwangua lote kwa wembe mpaka bodi safi ikaonekana, hata kama ni kuacha tundu, kwa kuwa tundu ni hewa, na hewa haiungui ikabaki njia.

Laini ya kilovolti 220 itokayo Rabai kwenda Lamu, kupitia Malindi na Garsen, inafuata hadharani kanuni ileile ya mfereji wa bodi. Vihami vya laini kama hizo huumbwa kwa visahani, kimoja chini ya kingine, ili njia ya usoni irefuke na tumbo la kila kisahani lisiloweshwe na mvua.

Kiwandani, kinga ya chaja hujaribiwa kwa volti kama 3,000. Kijijini kifaa cha jaribio hilo hakipo. Lakini rula ya shule ipo, na macho yapo. Fundi anayefungua chaja ya mteja, akaona ukanda umebanwa, kisha akaukata waya wake mbele ya mwenyewe ili isirudi kuuzwa kwa mwingine, huambiwa ameharibu kitu kizima kinachofanya kazi. Mimi niko upande wake, na bei ya chaja nyingine ya mteja huyo niko tayari kuchangia.