Picha Mbele ya Sahani

Sifa ya haki ya The Great British Bake Off, shindano la kuoka la runinga ya Uingereza linalofanyika hemani, imebebwa na raundi moja tu, ile ya pili. Majaji hutoka hemani. Washiriki wote hupewa mapishi yaleyale, tena yaliyopunguzwa maelezo, na wakimaliza hupanga kazi zao mezani, mbele ya kila sahani picha ya aliyeoka. Picha zinawaelekea washiriki walioketi safu moja. Majaji wawili husimama upande wa pili: wanaona migongo ya picha na sahani, basi. Wanakata, wanaonja, wanapanga kuanzia wa mwisho hadi wa kwanza.

Ifuate kamera. Jaji akikunja uso, mara tunaonyeshwa uso wa mwenye keki. Wasiojua ni majaji peke yao. Sisi tunajua kila kitu, na utamu wa onyesho uko hapo. Haki imefanywa tamthilia, na mimi sioni kosa. Mtazamaji hawezi kuonja, lazima apewe kitu cha kupimia.

Tatizo ni kwamba jina likifichwa tunasahau kuuliza kipimo ni cha nani. Mapishi ya raundi hii kwa kawaida hutoka kwa mmoja wa majaji haohao, yaani mwonjaji ndiye mtunga mtihani. Kwa keki za Kiingereza hilo halisumbui sana. Lakini mwaka 2022, katika wiki ya Meksiko, mtihani ulikuwa taco. Majina yalifichwa vizuri kabisa, na majaji wawili wa Uingereza, Paul Hollywood na Prue Leith, wakawa ndio kipimo cha taco.

MasterChef ya Uingereza, shindano jingine la upishi la runinga, haifichi jina. Mpishi husimama mbele ya waonjaji. Mwaka 2018 Zaleha Kadir Olpin, mzaliwa wa Malaysia, alipeleka nasi lemak, yaani wali wa nazi, na rendang ya kuku. Jaji Gregg Wallace alilalamika kwamba ngozi haikukauka, hivyo hailiki. Rendang hupikwa polepole ndani ya tui na viungo. Aliyekua akila kuku wa nazi anajua ngozi hiyo isingeweza kukauka. Malaysia ilichachamaa, hadi waziri mkuu Najib Razak akaingilia.

Katika kelele zile, hukumu ya jaji wa pili, John Torode, ilichanganywa na ya mwenzake. Yeye alisema kuku hakupewa muda wa kutosha, amebaki mgumu badala ya kulainika na kuachana. Ukweli wa hilo anaujua aliyeonja, lakini ni hoja inayotoka ndani ya rendang yenyewe: hata bibi wa Kimalay angeweza kuitoa jikoni kwake. Ya Wallace inatoka kwenye kuku wa kuoka. Kipindi kiliziweka bega kwa bega, kana kwamba zina uzito mmoja.

Na umbo la onyesho halina nafasi ya jibu la mpishi. Zaleha alijibu baadaye, nje ya kipindi, akishikilia upishi wa kwao. Sekunde kumi za jaji kumuuliza, ngozi ya rendang inatakiwa iweje, zingetosha kututenganishia hoja zile mbili.